Mguu wa Kushoto wa Mwalimu Balansi

Saa mbili asubuhi, kinyozi mmoja mnene anavua kiatu cha mguu wa kushoto katikati ya uwanja wa shule ya udereva. Anaona haya, kwa sababu soksi yake ina tundu kwenye kidole gumba.

"Na soksi pia," anasema mwalimu.

"Soksi tena, mwalimu?"

"Mguu ujue kwamba leo hauna kazi. Ukiuacha na kiatu utadhani umeitwa kazini."

Kinyozi anavua soksi, anaingia kwenye gari dogo jeupe na kuweka unyayo mtupu sakafuni. Kapeti la upande huo limeondolewa makusudi, na ubaridi wa bati unamfanya ashtuke. Mwalimu anatabasamu kidogo, anafunga mkanda na kumwashiria aondoke polepole kati ya matairi yaliyopakwa chokaa.

Kinyozi huyu si mgeni wa usukani. Ameendesha magari ya klachi tangu ujana wake. Kilichomleta hapa ni kwamba mwezi huu amenunua gari la otomatiki, na tayari amemrusha mama mkwe wake mara mbili kuelekea kwenye dashibodi. Mama mkwe ametangaza kwamba kuanzia sasa atatembea kwa miguu.

Wanaoendesha magari ya klachi wataielewa aibu hiyo. Gari la otomatiki lina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na hiyo ya breki ni pana. Dereva aliyezoea klachi akitaka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto hunyanyuka wenyewe na kukanyaga kwa nguvu zake zote pale klachi ilipozoea kuwa. Klachi hakuna. Inayopokea kishindo hicho ni breki, na gari husimama hapo hapo kama limegonga ukuta.

"Kosa hili halifanywi na mtu asiyejua kuendesha," anasema mwalimu. "Linafanywa na anayejua sana. Mimi nalijua kwa sababu nilimwagia mume wangu chai ya moto kifuani."

Huyu ndiye Mwalimu Balansi. Ana miaka hamsini na mmoja, kati yake ishirini na minne ameitumia kufundisha watu kuendesha. Jina lake la nyumbani limeshasahaulika hapa shuleni. Balansi ni ile nafasi ndogo ambayo klachi inaanza kushika na gari linataka kuondoka lakini bado halijaondoka, na neno hilo ndilo alilokuwa akiwaimbia wanafunzi kutwa nzima: "Balansi, balansi, tafuta balansi." Wakamlipa kwa kumpa jina.

Kwenye dirisha la ofisi yao, chumba chenye meza mbili na feni inayolalamika, kuna kombe la rangi ya shaba iliyong'arishwa. Ndani yake kuna funguo za magari, kalamu zisizoandika na chaki. Asiyeuliza hawezi kujua kwamba kombe hilo lilipatikana mlimani, mwaka huu, kwa gari la spoti ambalo mwenye nalo nusura alikatae.

Mimi ninayeandika simulizi hii niliuliza, nikapata pia nisichokitafuta. Mwalimu alitaka kwanza kujua ninaendesha gari gani. Nilipomwambia otomatiki, tangu siku ya kwanza, alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Basi mguu wako wa kushoto umezaliwa mstaafu," alisema.

Mguu wake yeye haukuwahi kupumzika. Gari la kufundishia lina pedali za ziada upande wa mwalimu, klachi na breki, ili amwokoe mwanafunzi anapokwama. Mwanafunzi akisahau klachi, mwalimu humkanyagia. Wanafunzi husahau klachi kila wanapoona mbuzi, askari au mtu wanayemfahamu.

"Kila aliyesahau, nilimkumbukia kwa goti langu," anasema. Analipwa kwa kipindi, kwa hiyo siku goti lilipouma sana alilifunga kitambaa na kuendelea na kazi.

Lakini kufundisha ni mkate wake tu. Anachokipenda ni mlima. Mara moja kila mwaka chama cha wapenda magari hufunga barabara inayopanda mlimani, na madereva hupanda mmoja mmoja wakishindana na saa. Mwalimu Balansi alikuwa akishiriki kwa magari ya kuazima, na ingawa hakuwahi kushinda, hakuwahi pia kuachwa mbali. Wanafunzi wake wa zamani hujipanga kando ya barabara kumshangilia, wengine wakiwa na watoto wao mabegani.

Mwaka uliopita, kwenye kona kali kuliko zote, ile inayoitwa Kiwiko, goti lilikataa. Alikuwa anashusha gia. Mguu ulifika nusu ya njia ukaganda, gari likazima, likaanza kurudi kinyumenyume mpaka likajichomeka kwenye marobota ya nyasi yaliyowekwa pembeni kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Lilifungwa kamba likavutwa kushuka, yeye akiwa ameshika usukani, mbele ya wanafunzi wake wote.

Mmoja wao akapaza sauti: "Balansi, mwalimu!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye alicheka, na aliendelea kucheka mpaka alipofika nyumbani na kufunga mlango. Huko ndani alilia kama mtoto, na haoni sababu ya kulificha hilo.

Daktari wa mifupa, mwanamke mpole mwenye mikono baridi, alimpa habari bila kuzungusha maneno. Goti limelika. Kutembea, sawa. Ngazi, kwa adabu. Klachi, basi. Kisha akasema kwa nia njema neno ambalo mgonjwa alilisikia kama tusi: kwani si kuna otomatiki?

"Mimi nimewacheka watu wa otomatiki maisha yangu yote," anasema mwalimu. "Niliwaambia wanafunzi kwamba lile si gari, ni kochi lenye magurudumu. Halafu naambiwa nikakae kwenye kochi. Niliona wameniambia nimekwisha."

Shule ilimhamishia kwenye darasa la alama za barabarani. Akashika chaki shingo upande.

Nyumbani kwake, nyuma ya nyumba, kuna karakana ya mumewe, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Ni mtu wa maneno machache na utani mkavu. Yeye humwita mkewe mwalimu, na mkewe humwita fundi, hata mezani. Kwa miaka kadhaa fundi alikuwa akiunganisha gari moja kutoka magari mawili ya spoti ya aina moja, yenye milango miwili, aliyoyanunua kama vyuma chakavu. Moja lilikuwa limeumia mbele, jingine nyuma. Gari hilo alilijenga kwa ajili ya mkewe na mlima.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wote wawili walilifahamu tangu mwanzo na hawakulitaja. Gari moja lilikuwa la gia za mkono, la pili otomatiki. Bodi ilipokamilika na kupakwa rangi nyekundu, sakafuni zilibaki gia boksi mbili, zimelala pamoja juu ya gunia. Gari lina nafasi ya moja tu.

"Nikamwambia afunge ya mkono," anasema mwalimu. "Hata sikuangalia ile nyingine."

Hakuwa akisema upuuzi. Otomatiki ile ilikuwa nzito zaidi na ilikula sehemu ya nguvu za injini kabla hazijafika kwenye magurudumu. Kwa dereva mwenye miguu miwili mizima, gia za mkono zingepanda mlima ule haraka zaidi, na kila mtu kwenye chama alilijua hilo. Walikuja karakana mmoja mmoja kumwambia fundi asithubutu kuharibu gari zuri kwa kulitia gia boksi ya wazee.

Fundi hakubishana na yeyote. Jioni moja alimwita mkewe nje, ambako binti yao alikuwa ameegesha pikapu anayosambazia mikate. Ni pikapu ya klachi, na klachi yenyewe ngumu. Akamwambia aingie, asiwashe injini. Yeye akakaa pembeni, akafumba macho.

"Tunapanda mlima," akasema. "Mimi nasoma kona, wewe badilisha gia."

Akaanza kuzitaja kona kwa kichwa, kwa mwendo ule ule wa mashindano. Kulia ndefu, gia ya tatu. Kushoto fupi, rudi ya pili. Mkewe akakanyaga na kubadilisha gia, usukani mkononi, pikapu imetulia tuli na harufu ya mikate imejaa ndani. Binti yao alikuwa amesimama mlangoni na kreti tupu, akidhani wazazi wake wamerukwa na akili.

"Kwanza nilicheka," anasema binti. "Halafu nikaona uso wa mama unavyotoka jasho. Nikaweka kreti chini."

Hawakufika Kiwiko. Goti liliganda kona ya kabla yake, na mwalimu akabaki ameshika mti wa gia. Fundi alifumbua macho, akatazama mbele.

"Ukiniambia nifunge ya mkono nitaifunga kesho," alimwambia. "Nitaifunga vizuri kabisa. Lakini itakuwa gari la kupigia picha."

Mwalimu alishuka, akaingia karakana akichechemea, akachukua kitambaa na kuanza kuipangusa vumbi ile gia boksi ya otomatiki. Aliipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mumewe alimwacha, akaenda kutafuta spana.

Siku gari lilipotoka karakana, majirani walikuja kushuhudia. Fundi alikaa kiti cha pembeni na kikombe chake cha chai, kwa vile alikuwa amepanda na dereva bora anayemjua. Wakaenda mpaka mwisho wa mtaa kwa heshima zote. Walipokaribia njia panda, mguu wa kushoto wa mwalimu ukaenda kutafuta klachi.

"Chai iliondoka yote," anasimulia fundi. "Kikombe nilibaki nacho."

Alirudia kosa hilo wakati wa kurudi, na kesho yake tena. Upande wake wote wa kushoto ulikuwa umestaafishwa kwa mara moja, anasema, mkono hauna gia ya kubadilisha, mguu hauna klachi, na wote wawili hawakuwa wamepewa taarifa. Watu wa chama walipopita walimwuliza kwa upole kama anahitaji mwalimu. Aliwajibu kwamba anamtafuta wa bei nafuu.

Ndipo akavua kiatu. Alitaka tu mguu uhisi kitu tofauti, ubaridi wa sakafu, ukumbuke kwamba mambo yamebadilika. Ilisaidia. Kwa siku kadhaa mguu ulikaa kimya nyuma, umejikunja chini ya kiti.

Kisha, mchana mmoja kwenye uwanja mtupu wa maonyesho, wakati anaingia kona kwa kasi, ukatoroka tena. Ukaenda kwenye breki. Safari hii unyayo ulikuwa mtupu, na kabla haujakanyaga uliigusa pedali na kuihisi. Badala ya kupiga ukabonyeza, taratibu, kisigino kikiwa sakafuni. Gari liliinamisha pua kidogo tu na kutulia, mguu wa kulia ukiwa bado juu ya mafuta, likatoka kwenye kona bila kupepesuka.

Mwalimu alisimamisha gari katikati ya uwanja na kuzima injini.

"Nilikaa pale nikiutazama mguu wangu," anasema, na sauti yake inashuka. "Ilikuwa balansi. Ile ile niliyoifundisha miaka yote. Mguu ulikuwa unaijua, ila ilikuwa imehamia pedali nyingine. Na goti halikuuma, kwa sababu kubonyeza breki namna ile ni kazi ya kifundo tu."

Akaanza mazoezi upya, safari hii mguu wa kushoto ukiwa na kazi yake. Dereva wa kawaida huuondoa mguu wa kulia kwenye mafuta ndipo aupeleke kwenye breki, na katikati hapo gari huwa halina mtu. Yeye alikuwa na mguu kila upande. Alijifunza pia kuweka mti wa gia kwenye namba mbili kabla ya kona, ili gia boksi isije ikabadilisha mawazo katikati ya kazi. Mumewe alirudi kwenye kiti cha pembeni, na hatimaye akarudi na chai.

Hapa mwalimu anaomba iandikwe wazi kwamba mambo haya ni ya barabara iliyofungwa. Mwanafunzi wake yeyote atakayeonekana akitumia miguu miwili mjini kwenye otomatiki atarudishwa darasani akaanze na alama za barabarani.

Siku ya mashindano alifika mlimani na kiatu kimoja. Mkaguzi wa chama, kijana mwenye fulana ya njano, alizunguka gari, akakagua mkanda, akakagua kofia ngumu, akachungulia miguuni.

"Mama, kiatu kingine kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani."

"Samahani sana, mama. Bila viatu viwili hupandi. Ni kanuni."

Mwalimu Balansi ni mtu wa kanuni. Angekuwa yeye na fulana ile angesema hivyo hivyo. Lakini miezi yote alikuwa amefanya mazoezi na unyayo mtupu, na aliujua mguu wake. Akiuvisha kiatu kigumu utasahau yote na kukimbilia klachi.

Fundi akampa kiatu chake cha karakana, chenye ncha ya chuma. Walitazamana, na fundi mwenyewe akakirudisha mguuni mwake. Ndipo binti yao, aliyekuja moja kwa moja kutoka kwenye mikate, akakaa kwenye bampa ya pikapu na kuvua raba yake ya kushoto, raba ya kitambaa yenye soli iliyolika mpaka imekuwa kama karatasi.

"Itakubana," alisema.

"Nitakunja vidole," mama yake akamjibu.

Kwenye mstari wa kuanzia aliibonyeza breki kwa mguu wa kushoto ndani ya raba ya binti yake, akaipa injini mafuta kwa mguu wa kulia, na gari halikurudi nyuma hata kidogo. Alikuwa amesikia kicheko kutoka kwa watu waliofahamu kilichofungwa chini ya bodi ile nyekundu. Bendera ikashuka, akauachia mguu polepole, na kicheko hakikupata muda wa kuisha.

Kulia ndefu. Kushoto fupi. Alikuwa anasikia sauti ya mumewe kwenye pikapu ikisoma kona. Kwenye ile kona ambayo goti liliganda mbele ya kreti ya mikate, alipita kana kwamba haipo. Kisha Kiwiko kikatokea, na marobota ya nyasi yale yale.

"Niliogopa," anasema. "Nisikudanganye. Nilijua kama mguu utakumbuka klachi, utakumbuka hapo."

Mguu ulikumbuka balansi. Uligusa, ukabonyeza, ukashikilia, na mguu wa kulia haukuachia mafuta. Gari liliinama, likageuka, likaondoka Kiwiko likinguruma kwa sauti ambayo fundi, aliyekuwa chini kabisa kwenye mstari wa kuanzia, aliitambua bila kuona kitu. Binti yao anasema baba yake alisimama akiwa ameshika kikombe na hakunywa.

Juu kwenye kona wanafunzi wa zamani walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Yule aliyepaza sauti mwaka uliopita alikuwepo tena, akapaza neno lile lile, na safari hii hakuna aliyelicheka.

Alikuwa wa kwanza katika kundi la magari ya ukubwa wake, akiwaacha kwa sekunde mbili waliokuja karakana kutoa ushauri. Aliupiku pia muda wake bora wa siku za miguu mizima, na hilo ndilo lililomfanya akae chini kileleni, kwenye lami, kofia mapajani, akilia na kucheka kwa pamoja bila kufunga mlango wowote.

"Nilidhani udereva wangu ulikuwa ndani ya klachi," anasema. "Kumbe nilikuwa nao mguuni muda wote, sikujua tu pa kuuweka."

Shule imemrudisha garini. Sasa anafundisha wanaohama kutoka klachi kwenda otomatiki, darasa ambalo halikuwepo kabla yake, na orodha ya wanaosubiri imejaa watu wenye kesi na mama wakwe. Neno kochi amelifuta kinywani. Hata hivyo hamkatazi mtu klachi. Mwanafunzi akimwuliza ipi bora kwa gari la spoti, humwangalia kwanza miguuni.

Kinyozi wetu amekwisha kuzunguka uwanja mara kadhaa na hajamrusha mtu. Anashuka akitembea na mguu mmoja mtupu kwenye changarawe, uso umejaa furaha, akiuliza kama anaweza kumpigia simu mama mkwe sasa hivi. Mwalimu anamwambia asubiri kidogo.

Gia boksi ya mkono bado iko karakana, lakini haiko tena kwenye gunia. Fundi ameweka bodi ya tatu juu ya mawe, kijivu, haina mlango mmoja, na chini yake kuna nafasi inayoisubiri. Binti ndiye aliyeiomba. Anasema mikate imemfundisha kona zote za mji, ana magoti mawili mazima, na angependa kuona otomatiki ya mama yake ikiwa nyuma yake kwenye karatasi ya matokeo.

"Mwakani tutapanda wote wawili," anasema mwalimu, akipangusa kombe kwa upindo wa shati kabla ya kurudisha chaki ndani. "Anitangulie akiweza. Mimi nitakuwa mama wa kwanza kufurahi kushindwa, lakini ajue sitamwachia hata kona moja."

Kuna dai moja tu kati yao. Binti anataka raba yake ya kushoto, maana tangu siku ile anasambaza mikate na viatu visivyofanana. Kila wiki anaiulizia, na kila wiki mama yake anampa jibu moja.

"Nimemwambia atafute klachi yake, ajenge gari lake," anasema Mwalimu Balansi. "Raba yake ataikuta kileleni. Nitakuwa nimeivaa."